Bidoni ya Mbele

Nasikia siku hizi mnajaza majibu ya watu kwenye simu, na simu yenyewe inagoma kuendelea mpaka umechagua jibu mojawapo. Hongereni. Sisi tulikuwa na karatasi, na karatasi ilikuwa na uzuri mmoja: ilikuwa na pembeni. Mtu akikwambia jambo lisilo na kisanduku, unaliandika pembeni. Nyinyi mtaliandika wapi? Ndiyo maana nimekaa hapa kwangu Gitega, magoti yananiuma, nawaandikia jambo moja lililokosa kisanduku. Msipolipenda, fungieni karanga.

Kazi yangu mnaijua, ndiyo hiyo mliyoirithi. Mradi unajenga choo, unajengea chemchemi, unagawa sabuni, halafu watu hawatumii. Mimi ndiye niliyetumwa kuuliza kwa nini. Unatafuta kundi la wanaofanya na kundi la wasiofanya, unawauliza maswali yaleyale, unalinganisha. Pale majibu yanapotofautiana ndipo kizuizi kilipo. Ukisomewa darasani unaona ni kumenya ndizi tu.

Aliyenifundisha ni Madamu Spès, mkuu wetu wa uchunguzi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambayo ilitutisha kuliko kelele za mtu mwingine. Mwaka wangu wa kwanza alinituma Makebuko. Kwenye nyumba moja nikaonyeshwa choo kisafi kuliko chumba nilicholala: sakafu imefagiliwa, majivu yako kwenye kopo, kipande kizima cha sabuni kimewekwa juu ya jiwe. Nikaandika: wanatumia. Jioni akasoma karatasi yangu, akaniuliza, "Bon, na njia ya kwenda chooni ilikuwaje?"

Nikamwambia ilikuwa nzuri, ina majani mabichi.

"Mabichi? Watu tisa wanaenda chooni kila siku na majani yanabaki mabichi? Wanaruka?"

Kesho yake tukarudi wote wawili. Kumbe kile kilikuwa choo cha mgeni, na mgeni mwenyewe nilikuwa mimi. Walikuwa wamekitunza siku zote wakimsubiri mtu wa heshima, na wao wanaenda migombani. Mwenye nyumba aliona fahari kabisa. Nilitamani ardhi inimeze, lakini si kwenye shimo lile.

Tangu siku ile nilijifunza kutazama chini kabla ya kuuliza. Sabuni iliyopasuka nyufa haijanawisha mtu. Mlango wenye utando wa buibui haujafunguliwa. Bidoni, yaani dumu, ya maji ya bondeni ina utelezi ndani ya shingo. Ingiza kidole, unuse. Jibu la mdomoni ni la adabu, na watu wetu wana adabu sana. Huko Buraza niliwahi kujibiwa "ndiyo" na mzee mmoja kwa maswali yote, hata nilipomuuliza kama yeye ni mjamzito.

Basi nije kwenye kilima kile cha Giteranyi, kule juu Muyinga. Jina lake silitaji, maana bado mnapeleka watu huko na sitaki waende kushangaa.

Tuliambiwa hivi: chemchemi imejengewa, maji yanatoka mchana na usiku, na hakuna anayechota. Kilima kizima kinashuka hadi marais, neno letu la Kifaransa la lile bonde la matope la upande wa pili, na watoto wanaharisha mpaka kituo cha afya kimechoka kuwapokea. Madamu Spès akanipa mpaka Ijumaa. Nisipopata sababu, mabomba yaliyobaki, yale ya kupandisha maji hadi juu kwenye makazi, yatapelekwa kilima kingine, na hiki kitafutwa kwenye orodha. Niliondoka Gitega nikiwa na hakika. Nilijiambia ni umbali. Kwenye kazi yetu, usipojua sababu, huwa ni umbali.

Nilifikia kwa mama mmoja kijana, Godeliva, mwenye mtoto wa kunyonya aitwaye Eliya. Ukiwa na mtoto mkononi, vuta ngozi ya tumbo lake taratibu kisha iachie. Ikirudi mara moja, shukuru Mungu, maji mwilini yanatosha. Ya Eliya ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Kituo cha afya kilimpa mama pakiti za chumvi za kuchanganya na maji, na Godeliva alizichanganya na maji ya bondeni, mbele ya macho yangu, kwa uangalifu mkubwa. Nilimuuliza kama anaijua chemchemi. Akasema anaijua. Nikamuuliza maji yake ni mabaya? Akasema ni mazuri. Mume anamkataza? Hapana. Njia ni mbaya? Hapana.

"Sasa mbona huchoti?"

"Zamu yangu haijafika," akasema, akaendelea kukoroga.

Nikaandika pembeni: zamu. Nyumba ya pili, hivyohivyo. Nyumba ya tatu, ya nne, ya saba: maji mazuri, njia nzuri, hakuna anayekataza, zamu haijafika. Maneno yaleyale, kwa sauti ileile ya upole, kama watoto waliokaririshwa katekisimu. Kikongwe mmoja asiyesikia vizuri alinijibu kabla sijamaliza swali. Hapo ndipo nywele za mkono zilinisimama mara ya kwanza. Na mbinu yetu ilikwama, kwa sababu mbinu inataka makundi mawili, na mimi kundi la wanaochota sikulipata. Hakuwepo hata mtu mmoja.

Jumatano mchana nikamwomba mwenyekiti wa kamati ya maji, Barnabé, anipeleke. Mtu mnene, mcheshi, aliongea njia nzima. Tulipofika pale migomba inapoisha akanyamaza.

Kwanza nilisikia maji. Bomba lilikuwa linamwaga kwa nguvu, maji safi, sauti yake inajaza bonde lote, na hakuna mtu. Mnazijua chemchemi zetu saa tano mchana: kelele, ugomvi, vicheko, mtoto analia, mtu anafua. Pale palikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Nikatazama chini, kama nilivyofundishwa. Sakafu ya saruji imeota kuvu ya kijani, laini, bila alama ya unyayo.

Kisha nikaona mawe. Yalianzia mita chache kutoka kwenye bomba na kupanda njia yote ya kilima, moja nyuma ya jingine, mawe ya ukubwa wa ngumi, mengine ya ukubwa wa kichwa. Majani yalikuwa yameota katikati yao. Ya chini yalikuwa yamezama udongoni, na ya juu kabisa yalikuwa mapya. Na mbele ya yote, chini ya bomba kidogo upande wa kushoto, ilisimama bidoni ya njano ya lita ishirini, tupu, mpini wake umefungwa kitambaa chekundu. Shingo yake ilizibwa na ndizi mbichi iliyokatwa. Niligusa ile ndizi. Utomvu wake ulinata kidoleni. Ilikatwa asubuhi ileile.

"Ya nani?"

"Iko ya mbele," Barnabé akasema.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Hajarudi."

"Na haya mawe?"

"Ni batu, Mzee. Kila jiwe iko na mwenyewe. Bidon watu walizirudisha ku nyumba juu ya kazi, wakaacha jiwe. Ile ya juu kabisa iko ya Godeliva, aliweka wakati alizaa." Akajifuta jasho. "Hapa hakuna mutu anakatala mayi. Tuko nangoja."

Sasa niwaambie kosa langu, na mlisome vizuri. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimeona ngozi ya tumbo la Eliya asubuhi, na sasa naambiwa kilima kizima kinasubiri bidoni tupu. Nikaishika mpini, nikaisogeza kando, nikakinga chupa yangu nikanywa, mbele ya Barnabé na mbele ya Godeliva aliyekuwa ametufuata. Nikasema, "Mmeona? Nimekufa?"

Godeliva alipiga kelele. "Rudisha! Rudisha vile ilikuwa!" Alimshika mtoto mgongoni kwa mikono miwili. Barnabé alivua kofia yake, akarudi nyuma hatua kwa hatua bila kuipa bidoni ile kisogo.

Mimi mkaidi sikuirudisha. Niliilaza kabisa kwenye majani, mbali na bomba.

Asubuhi iliyofuata nilishuka peke yangu. Bidoni ilikuwa imesimama mahali pake. Ndizi mpya. Juu ya kuvu ile ya kijani hapakuwa na alama ya mguu isipokuwa ya kiatu changu cha jana.

Nyumba zote zilinifungia. Nikibisha hodi, nasikia watu wakinong'ona ndani, kisha kimya. Godeliva alinipikia, lakini aliweka sahani mlangoni akaondoka. Ilikuwa Alhamisi. Nilipomuomba anisamehe, alisema bila kunitazama, "Usiniombe mi. Nenda kwa Mama Kezia." Akanionyesha nyumba ya pembeni, ya bati kuukuu, peke yake juu ya kilima.

Mama Kezia alikuwa mmoja wa waliorudi kutoka Tanzania. Alizaliwa kambini, akakulia kambini, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kimenyooka. Mimi mwenyewe nililelewa Kigoma na shangazi, kwa hiyo nilifurahi kusikia mtu anaongea nisichohitaji kukifasiri kichwani. Furaha haikudumu. Alinitazama usoni kwa muda mrefu sana, akasema:

"Umezeeka. Lakini ni wewe."

Nikamwambia amenifananisha, mimi kilima hiki nimekifikia Jumatatu kwa mara ya kwanza.

"Ulikuja kwa gari, kutokea barabara ya upande wa pili. Ulivaa kofia nyeupe. Siku ya ufunguzi. Keti."

Nikaketi, kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kukumbuka kabla ya kichwa.

Vijana wangu, kabla ya uchunguzi nilifanya kazi ya ufunguzi. Nilipeleka viti, maturubai, utepe wa wageni kukata. Nilifungua chemchemi nyingi mno, na kila mahali nilikuwa na mzaha wangu uleule. Namchagua mtoto mdogo kuliko wote kwenye foleni, namvuta na bidoni yake mpaka mbele, namwambia: "Wewe ndiye wa kwanza." Kisha nawageukia watu wazima, nanyoosha kidole: "Na hapa hachoti mtu kabla ya huyu!" Watu wanacheka, wageni wanapiga picha. Nilikuwa najivunia sana mzaha ule.

"Kezia alikuwa na miaka saba," Mama Kezia akasema. "Alifunga kitambaa chekundu kwenye mpini ili isichanganyike na za wenzake. Ulimweka mbele. Alifurahi mpaka akashindwa kusimama wima. Tukasubiri wageni. Saa sita, saa nane, saa kumi. Bomba mlikuwa mmeliziba kwa kigingi cha mti. Halafu simu yako ikalia, ukasema wageni wamekwama Muyinga mjini, tutafungua kesho, asiguse mtu. Ukapanda gari."

Nikakumbuka. Nilikumbuka hata simu. Nilikumbuka kwamba nilikuwa na njaa, na kwamba njiani nilikula mishikaki.

"Nyumbani hapakuwa na maji ya kupikia. Kezia akasema bidoni yake haiondoki pale, atapoteza nafasi. Akachukua kibuyu, akashuka bondeni. Kule wanakochimba udongo wa matofali kuna mashimo, na mvua ilikuwa imeyajaza. Tulimpata kesho yake, siku ambayo mlisema mtakuja. Hamkuja. Baada ya wiki, fundi mwashi akaja akachomoa kigingi, akaenda zake. Maji yakaanza kutoka. Na bidoni ilikuwa pale."

Nilimuuliza kwa nini hakuna aliyenieleza siku zote hizo nyumba kwa nyumba.

"Waliona unajua. Neno ni lako. Na wengi hapa tumekulia kambini, kwenye bomba moja watu elfu. Kule mtu alikuwa hana nchi, hana shamba, hana hata jina sawasawa. Alichokuwa nacho ni nafasi yake kwenye foleni. Bidoni ikisimama, ni mtu amesimama. Ukiivuka, umemvuka mtu. Sasa nani amvuke mtoto wangu? Wananiheshimu. Mimi nasikia watoto wao wanaugua, nalia, lakini siwezi kuliondoa neno nisilolisema."

"Lakini wewe ndiye unayeiweka kila asubuhi," nikasema. "Na kuibadilisha ndizi."

Alinishangaa. "Mimi? Tangu siku ile sijashuka kule. Nilidhani ni nyinyi watu wa mradi."

Nilimuuliza Barnabé baadaye, nikamuuliza Godeliva, nikauliza kila nyumba iliyonifungulia. Kila mmoja alidhani ni mwingine. Mpaka leo sijui, na siku hizi sitaki tena kujua.

Ijumaa asubuhi nilikata kipande cha jani kavu la mgomba, nikakizungusha kuwa kata ya kichwani, nikashuka. Sikutangaza. Hata hivyo walijua. Nilipita kati ya migomba nikaona watu wamesimama ndani yake, pande zote mbili za njia, wanawake, wanaume, watoto, hakuna anayesema. Nilipofika mbele ya bidoni nilivua viatu. Nikasema kwa sauti, nikijisikia mjinga na nikiogopa kwa pamoja: "Kezia, nilisema kesho. Nimechelewa. Naomba nikuchotee."

Nikatoa ndizi, nikakinga. Bomba lile lilikuwa na nguvu. Bidoni ya lita ishirini ingejaa ukisali Baba Yetu mara mbili. Nilisali mara tano. Maji yanaingia, yanaingia, na mpini ni mwepesi vilevile. Jasho lilinitoka. Sitaki kuwaambia ni nini. Pengine ni hofu, na hofu hurefusha kila kitu. Kisha ghafla ikajaa, ikafurika miguuni pangu, baridi kama mawe ya asubuhi.

Kubeba maji kichwani ni kazi ya watoto na wanawake, na mimi nilikuwa na zaidi ya miaka hamsini na tumbo la ofisini. Shingo iliniuma mpaka masikio yakavuma. Nilimwagikiwa, nilijikwaa kwenye mawe ya foleni nikayaomba radhi, jiwe kwa jiwe. Siku nyingine wangecheka mpaka waanguke. Hakucheka mtu. Walikuwa wananifuata nyuma, na niliposimama kupumua nao walisimama.

Mama Kezia alikuwa mlangoni. Alinisaidia kutua, akaishika bidoni ile kwa mikono yote miwili, kama unavyomshika mtoto mabegani kumkagua kama ameumia. Hakuniambia mimi chochote. Aliiambia bidoni, taratibu:

"Umechelewa, mama. Haya, umefika. Pumzika."

Kisha akaimimina kwenye chungu chake, akanawa uso, akanywa. Alipokunywa tu, walionifuata wakateremka mbio, na huko chini tukasikia jiwe la kwanza likitupwa kando, halafu la pili, halafu mengi kwa pamoja, na mabidoni yakigongana, na watu wakigombana nani yuko nyuma ya nani. Sijawahi kusikia ugomvi mtamu kiasi kile. Jiwe la Godeliva lilikuwa la mwisho, lakini wenye zamu walimpisha. Nililia bila aibu, mtu mzima mimi, nimekaa chini kwenye udongo wa mwanamke niliyemkosea.

Eliya alipona. Sasa hivi ni mkorofi, anawarushia mawe mbuzi wa watu.

Mkipita kule mtaona foleni kama foleni zote. Ila tazameni chini. Kushoto kwa bomba kuna nafasi ndogo ya bidoni moja ambayo hakuna anayeisimamia, na kuvu yake ya kijani haijakanyagwa. Msiikanyage.

Mabomba yalipanda kilimani mwaka uleule. Kuhusu ripoti, nililala Muyinga mjini nikaijaza kwa mkono. Kwenye mstari wa kizuizi kikuu nilifikiri sana, kisha nikaandika jina langu, lote, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Gitega walipoichapa walidhani nimekosea mstari. Wakalihamishia juu, penye jina la mchunguzi, na mahali pake wakaandika: umbali.